Namna ya kujibu maswali kuhusu baiskeli katika mtihani wa kuzungumza Kiingereza

Mtu anayeishi Uganda akahitaji cheti cha Kiingereza, awe muuguzi anayetafuta kazi Uingereza, kijana anayeomba nafasi katika chuo kikuu cha ng'ambo, au mkimbizi wa makazi ya Nakivale anayewania ufadhili wa masomo, mara nyingi huelekezwa kwenye mtihani wa IELTS. Sehemu inayowatia wengi hofu ni ile ya kuzungumza, kwa sababu hapo hakuna nafasi ya kufuta na kuandika upya. Wengi wetu tunaotumia Kiswahili nchini, iwe Busia, Malaba, Arua au Kasese, tumekulia kati ya lugha tatu au nne, na Kiingereza tumekipata darasani zaidi ya nyumbani.

Miongoni mwa mada zinazoweza kuulizwa ni baiskeli. Ni mada inayoonekana nyepesi, na wepesi huo ndio unaowaponza watu. Mmoja hujibu kwa neno moja na kunyamaza. Mwingine hukimbilia kueleza njia za baiskeli za Ulaya alizozisoma mtandaoni, ilhali baiskeli anayoijua tangu utotoni, ile iliyofungwa madumu ya maji kwenye keria kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, hakuigusa kabisa. Mwongozo huu unashikilia jambo moja: zungumzia baiskeli unayoijua kwa macho na mikono yako, kwa sababu Kiingereza chako kitapata maneno pale tu ambapo akili yako ina kitu cha kusema.

Hatua ya 1: Fahamu unapimwa nini

Mtihani wa kuzungumza huchukua dakika 11 hadi 14. Unakaa na mtahini mmoja, ana kwa ana au kwa njia ya video, na mazungumzo yote hurekodiwa. Una sehemu tatu. Katika ya kwanza, yenye dakika 4 hadi 5, unaulizwa maswali mafupi kuhusu maisha yako. Katika ya pili unapewa kadi yenye mada, dakika moja ya kujiandaa pamoja na karatasi na penseli, kisha unazungumza peke yako kwa dakika moja hadi mbili. Katika ya tatu, dakika 4 hadi 5 nyingine, mtahini anakuuliza maswali mapana zaidi yanayohusiana na mada ya kadi. Mtihani huu ni uleule kwa wanaofanya IELTS ya masomo na wanaofanya ile ya matumizi ya kawaida.

Alama hutolewa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: ufasaha na mtiririko wa mawazo, msamiati, upana na usahihi wa sarufi, na matamshi. Ukivitazama vizuri utaona kwamba hakuna kigezo hata kimoja kinachopima ujuzi wako wa baiskeli, wala ukweli wa maoni yako, wala kama umewahi kupanda baiskeli maishani. Anayesema kwamba anazichukia baiskeli na akaeleza sababu zake kwa Kiingereza kilichonyooka atapata alama nzuri kuliko anayezisifu kwa sentensi zilizovunjika. Hili ni muhimu hasa kwa wauguzi, ambao baraza lao la Uingereza linawataka wafikie alama ya 7 kati ya 9 katika kuzungumza, kiwango kisichofikiwa kwa majibu ya neno mojamoja.

Hatua ya 2: Kusanya mali yako kabla ya kutafuta maneno

Kabla ya kufungua kamusi, kaa na daftari uandike, kwa lugha yoyote inayokujia, mambo yote unayoyajua kuhusu baiskeli mahali unapoishi. Nani mtaani kwenu ana baiskeli, na anaitumia kubebea nini? Ulijifunza wapi kuiendesha, na nani alikushikilia kiti? Ni barabara gani unaiogopa? Mtu wa Busia ana hazina kubwa hapa, maana ni katika mpaka huo wa Kenya na Uganda ndipo usafiri wa boda boda ulipoanza katika miaka ya 1960, kwa baiskeli zilizokuwa zikivusha watu na mizigo yao kutoka upande mmoja hadi mwingine, kabla ya pikipiki kuuteka usafiri huo. Mtu wa Lira au Soroti, ambako ardhi ni tambarare, amewaona waendesha baiskeli wakibeba abiria kwenye keria yenye mto wa kukalia. Mtu wa Kampala amewaona vijana wakisukuma baiskeli zilizopakiwa mikungu ya matoke kupanda mlima, mmoja akishika usukani na mwingine akisukuma kwa nyuma.

Nashauri pia uende ukasimame kwa fundi wa baiskeli kwa muda wa pancha moja tu. Fundi anaigeuza baiskeli, kiti na usukani vikawa chini na magurudumu yakawa juu. Anachomoa tairi kwa vyuma viwili bapa, anaivuta tyubu nje, anaijaza upepo kwa pampu, kisha anaizamisha kipande kwa kipande ndani ya beseni la maji huku akiizungusha polepole, mpaka viputo vinapotoka mahali penye tundu. Anapatia alama, anapakausha kwa kitambaa, anapasugua kwa msasa, anapaka gundi, anasubiri kidogo, anabandika kiraka na kukigonga taratibu. Sasa jaribu kuyasema hayo yote kwa Kiingereza. Utahitaji "turn the bicycle upside down", "take off the tyre", "pump up the tube", "look for bubbles", "stick a patch on the hole". Hayo ndiyo maneno ambayo mtahini huyahesabu kuwa msamiati, kwa sababu yametumika mahali pake na yanatoka kwa mtu anayeona anachokisema. Orodha ya maneno magumu uliyoikariri usiku haifui dafu mbele yake.

Hatua ya 3: Rekebisha makosa tunayoyabeba kutoka lugha zetu

Kosa la kwanza linatokana na kitenzi "kuendesha". Sisi huendesha gari na huendesha baiskeli, kwa hiyo wengi husema "I drive a bicycle". Kiingereza kinatenga: gari ni "drive", baiskeli ni "ride" au "cycle". Shika pamoja na kitenzi hicho maumbo yake ya wakati uliopita, "rode" na "ridden", kwa sababu swali la utotoni halikwepeki na aliyezoea kusema "I was riding" kwa kila tukio hukosa nafasi ya kuonyesha sarufi yake. Mtu huanguka kutoka kwenye baiskeli, yaani "fall off". Husafiri "by bicycle", lakini akitaja ni ya nani husema "on my brother's bicycle".

Kosa la pili hutokea kwa wazungumzaji wa Kiswahili na hata wa Kiganda: kuchanganya "he" na "she", kwa kuwa lugha zetu hazitenganishi hapo. Ukianza hadithi kwa "my sister" na sentensi mbili baadaye ukasema "he fell", mtahini atalazimika kujiuliza ni nani aliyeanguka. Dawa yake ni kufanya mazoezi ya hadithi zenye mwanamume na mwanamke ndani yake, polepole, mpaka ulimi uzoee.

Vilevile Kiingereza cha Uganda kina namna zake, ambazo sisi tunaelewana nazo vizuri na sioni sababu ya kuzionea haya. Hata hivyo, unapozungumza na mtahini kutoka nchi nyingine, chagua usemi unaoeleweka kotekote. Sisi husema "I footed" kwa maana ya kutembea. Mbele yake sema "I walked". Sisi husema gari "knocked him". Sema "a car knocked him off his bicycle", na picha inakamilika.

Katika matamshi, neno lenyewe la "bicycle" ndilo hulegalega. Mkazo uko mwanzoni na silabi ya katikati ni fupi, karibu na "BAI-si-kol", wala si "bai-SAI-kol" kama tunavyozoea kusikia. Neno "motorcycle", kwa upande wake, lina "sai" katikati, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Wenye lugha zinazobadilishana l na r wajihadhari na "ride", "road" na "lorry", kwa sababu yote matatu yatajitokeza katika mada hii. Irekodi sauti yako kwenye simu ukisema "I ride my bicycle along a narrow road", uisikilize, urudie.

Hatua ya 4: Sehemu ya kwanza, jibu kwa sentensi mbili au tatu

Hapa maswali ni ya aina hii: Una baiskeli? Ulijifunza lini kuendesha? Watu wa kwenu wanapenda baiskeli? Jibu swali lenyewe kwanza, kisha ongeza sababu, na baada yake kitu kimoja mahususi. Mtu asiye na baiskeli asiishie kwenye "No". Anaweza kusema: "Not at the moment, but my father had one, and all of us learnt to ride on it. It was far too big for me, so I had to put one leg under the bar." Kila aliyejifunza kwa baiskeli ya mtu mzima anakumbuka mguu ule uliopitishwa chini ya bomba la juu, mwili mzima umepinda upande mmoja, na mtahini ambaye hajawahi kuona jambo hilo atalisikiliza kwa makini.

Ukiulizwa kama baiskeli zinapendwa nchini kwako, usijisikie kulazimika kuchagua ndiyo au hapana. Jibu linalotenganisha hali mbili huwa bora, kwa kuwa linakupa fursa ya kulinganisha: "It depends on the area. In the flat parts of the east and north, people use them every day, whereas in Kampala most people take a motorcycle because of the hills and the traffic." Sentensi hiyo ya pili ina kiunganishi, ina sababu, na ni kweli tupu.

Kwa wanawake, swali la kujifunza kuendesha linaweza kugusa jambo zito, maana kuna vijiji ambako msichana alizuiwa kupanda baiskeli na wakubwa wake. Usiogope kulisema. Eleza ilivyokuwa, eleza ilivyo sasa, na utakuwa umetumia nyakati mbili za kitenzi bila kujilazimisha.

Hatua ya 5: Kadi ya sehemu ya pili

Chukulia kadi inakutaka ueleze safari uliyofanya kwa baiskeli: ulikwenda wapi, ulikuwa na nani, nini kilitokea, na kwa nini unaikumbuka. Dakika moja ya kujiandaa ni fupi mno kwa kuandika sentensi. Andika maneno sita au saba tu, yale yatakayokuvuta kutoka tukio moja hadi lingine. Mtahiniwa aliyebebwa na kaka yake kwenda kufanya mtihani wa darasa la saba anaweza kuandika: kaka, keria, alfajiri, mnyororo, mikono yenye grisi, kengele ya shule. Hayo yanatosha, kwa sababu kila neno ni tukio linalojieleza.

Ukianza kuzungumza, tumia sentensi mbili tatu za mwanzo kuweka mazingira, ukieleza mambo yalivyokuwa kwa kawaida siku zile. Hapo "used to" inafaa sana, kama "My brother used to carry water on that bicycle every morning". Ingia kwenye siku yenyewe kwa wakati uliopita. Ukifika kwenye tukio kubwa, punguza mwendo. Wengi husema "the chain came off and we fixed it" wakapita, wakati hapo ndipo penye mali yao yote: mlikuwa mkipanda mlima, pedali zikaanza kuzunguka bila kushika, kaka akaruka chini, akauinua mnyororo kwa kijiti na kuurudisha kwenye meno ya gia, vidole vyake vikawa vyeusi kwa grisi, naye akaogopa kukushika kwa sababu ya shati lako jeupe la shule. Mambo hayo hujaza nusu dakika bila kutapatapa. Malizia kwa kueleza ulivyojisikia na kwa sentensi moja ya masharti, mfano "If the chain had broken completely, I would have missed the paper". Sarufi ya namna hiyo, ikija kwa wakati wake, ndiyo inayomtoa mtahiniwa kwenye kiwango cha kati.

Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni kama mtu anaruhusiwa kubuni hadithi. Hakuna anayehakiki, na hutaadhibiwa. Ila hadithi ya kubuni huisha mapema, kwa kuwa haina vitu ndani yake vya kuokota pale maneno yanapokauka. Kama hujawahi kuendesha, zungumzia safari uliyobebwa kwenye keria. Hiyo nayo ni safari ya baiskeli. Mtahini akikukatiza dakika mbili zinapotimia, usifadhaike, kwani analazimika kutunza muda.

Hatua ya 6: Sehemu ya tatu, toa maoni yenye sababu

Hapa maswali hutoka kwako binafsi na kuelekea kwenye jamii. Kwa nini watu wachache huendesha baiskeli mijini? Je, serikali ijenge njia za baiskeli? Baiskeli zitakuwa na nafasi gani siku zijazo? Utaratibu mzuri ni kusema msimamo wako, kutoa sababu, kutaja mfano mmoja, kisha kukubali kwamba kuna upande mwingine. Tumia maneno yanayopunguza ukali wa kauli, kama "tend to", "in most cases" na "it may be that", maana anayesema kila mtu na kila mahali huonekana hajafikiri.

Mifano ya kwetu ipo tele. Kampala ina kipande cha Barabara ya Namirembe na Mtaa wa Luwum kilichotengenezwa kwa ajili ya waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Unaweza kukitaja kuonyesha kwamba jiji limeanza, kisha ueleze kwamba mtu akitoka kwenye kipande hicho hurudi palepale kati ya teksi na pikipiki. Jirani zetu wa Rwanda walipokea mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli za barabarani mjini Kigali mwezi Septemba 2025, mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufika Afrika, na kilele chake kilikuwa juu ya milima inayofanana na yetu. Mfano huo unamjibu vizuri anayedhani kwamba nchi ya milima haifai kwa baiskeli, ingawa ni haki kuongeza kwamba mwanariadha mwenye baiskeli nyepesi na mchuuzi mwenye gunia la makaa hawapandi mlima mmoja. Ukitaka mfano wa mbali, Uholanzi ina baiskeli nyingi kuliko watu, na ni nchi tambarare yenye njia zilizotengwa.

Umoja wa Mataifa ulitangaza mwaka 2018 kwamba tarehe 3 Juni iwe Siku ya Baiskeli Duniani. Kwetu tarehe hiyo ni Siku ya Mashahidi wa Uganda, mahujaji wanapokusanyika Namugongo, wengi wao wakiwa wametembea kwa miguu siku kadhaa. Mtahiniwa anayeweza kuziunganisha siku hizo mbili katika jibu kuhusu usafiri usiotumia injini atakuwa na la kusema ambalo mwingine hana.

Kama swali ni la historia, inatosha kujua mambo matatu: mwaka 1817 Mjerumani Karl Drais alitengeneza chombo cha magurudumu mawili kilichosukumwa kwa miguu ardhini, mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry alitoa baiskeli yenye magurudumu yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, na mwaka 1888 John Boyd Dunlop alipata hataza ya tairi la upepo. Usizitaje tarehe hizi kama hujaulizwa. Mtahini hatoi alama kwa kukumbuka miaka.

Tazama jibu moja zima kwa swali la njia za baiskeli: "I think they should, mainly because cyclists here are often poor people who have no other way of moving their goods. When a man is carrying charcoal on a busy road, he can't get out of the way quickly. I admit that separate lanes take up space, and in the old part of town there isn't much of it, but a lane on the main roads would already save lives." Maneno yake ni ya kawaida kabisa, ila yana msimamo, yana mtu halisi ndani yake, na yana pingamizi iliyojibiwa.

Hatua ya 7: Fanya mazoezi bila kukariri

Watahini wamefunzwa kutambua jibu lililokaririwa: sauti hubadilika, macho huelekea dari, na maneno hayafuati swali lililoulizwa. Kwa hiyo usikariri mifano iliyomo humu. Mwombe mwenzako akuulize swali lilelile kwa njia tofauti, leo kuhusu utoto wako, kesho kuhusu watoto wa sasa, nawe ujibu kila mara kwa sentensi mpya. Jirekodi, kisha usikilize ukitafuta kosa la aina moja tu kwa wakati mmoja. Ukitafuta yote pamoja utakata tamaa.

Siku ya mtihani, beba kitambulisho kilekile ulichojisajilia. Usiposikia swali, sema "Sorry, could you say that again, please?", jambo linaloruhusiwa kabisa, na katika sehemu ya tatu unaweza pia kumwomba mtahini afafanue anachokusudia. Usiombe msamaha kwa lafudhi yako, kwa kuwa lafudhi ya Uganda haipunguzi alama mradi maneno yanasikika. Mtahini akishasema mtihani umekwisha, shukuru na utoke. Hataruhusiwa kukueleza ulivyofanya, hata ukimwuliza kwa upole.